Majuma Matatu Bila Kunawa

Mwezi uliopita niliketi kwenye kilio cha mchimbaji mmoja wa hapa kwetu, na watu wakasimama mmoja mmoja kumsifu. Huyu akasema marehemu alikuwa hajui Jumapili. Yule akasema marehemu alikuwa anakula amesimama. Wa tatu, mtu mzima mwenye koti, akasema kwa sauti ya kanisani: "Ile mutu, kazi ilikuwa damu yake. Miaka kumi, hakupumuzika ata siku moya."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mjane alikuwa chini kwenye mkeka, anaangalia vidole vya miguu yake.

Nikasema, "Basi, sasa anapumuzika."

Walinigeukia kama mtu aliyetema mate kwenye chungu. Na kweli mate nilikuwa nayo mdomoni. Nilitoka nje nikayatema.

Sifa za namna hiyo zinanichafua moyo. Mtu amekufa na miaka arobaini, kifua kimejaa vumbi, watoto wake hawakuijua sauti yake isipokuwa ya kukohoa, na ninyi mnampigia makofi. Ng'ombe wa kuvuta gari akianguka njiani hakuna anayesema alikuwa na moyo mkubwa. Wanasema mwenye ng'ombe ni mpumbavu. Sasa mtu ambaye ni ng'ombe na mwenye ng'ombe kwa wakati mmoja, tumwite nani?

Mimi si mvivu. Nasema mapema, kwa sababu hapa Kolwezi ukitamka neno kupumzika wanakuona mgonjwa au mwizi. Nilichimba visima vya maji zaidi ya miaka thelathini, kwa sululu, kwa patasi, kwa mikono hii. Shule niliisoma miaka mitatu. Wa nne sikuuona. Haya ninayoandika nayaandika mwenyewe, herufi kubwa kama mawe, na hakuna aliyenishika mkono, wala kwa kalamu wala kwa maisha. Visima vyangu viko Kapata, kule kwenye mistari ya nyumba za wafanyakazi wa zamani. Viko upande wa Mutoshi. Viko kwenye vijiji vya njia ya Dilolo, ambako watu walikuwa wanakunywa pamoja na mbuzi. Nikipita mahali nikakuta mama anachota, nasimama kidogo. Natazama ndoo inapanda.

Kazi ya namna hiyo inamshibisha mtu kabla hajala, na hapo ndipo hatari yake. Kazi mbaya utaikimbia siku moja. Kazi nzuri ndiyo inayokula watu, kwa sababu mtu anaipelekea mwili wake mwenyewe na bado anasema asante.

Mzee aliyenifundisha alikuwa Mulunda kwa kabila, mtu asiyecheka. Kabla ya kunipa sululu alinipa masharti. Usishuke na njaa. Usishuke na ugomvi wa nyumbani kichwani. Jua likifika katikati, panda, hata kama maji unayasikia yanaongea. Mchana hewa ya shimo inakuwa nzito, na mtu aliyechoka hasikii inavyomlaza. Unawe kabla ya kuvuka mlango wako, udongo wa chini si chakula cha watoto wako. Siku ya Mungu, sululu ilale.

Na kamba. Kisima kinataka kamba mbili. Ile nene ni ya ndoo. Ile nyembamba unaifunga kwenye mkono wa kushoto, na mwisho wake wa juu mtu anaushika. Yeye anavuta mara mbili, wewe unajibu mara mbili. Usipojibu, kila kitu kinasimama, wanakutoa. Mzee alisema kamba ya ndoo inaweza kuvutwa na yeyote, mlipe tu. Lakini ile nyembamba ishikwe na mtu atakayepata hasara ukifa.

Basi ilishikwa na mke wangu.

Watu walicheka. Mke wa mtu kwenye kisima! Yeye ni wa kaskazini, wa kule Tanganyika, Mkatoliki, mdomo wake hauna kifuniko. Alikuja na kiti chake kidogo, akaketi kwenye ukingo, akazungusha kamba kwenye goti, akachagua maharagi. Anavuta mara mbili. Nikichelewa kujibu, naanza kutukanwa mimi, halafu mama yangu, halafu ukoo. Wanaume wa kuvuta ndoo walikuwa wanakuja kazini kwangu kwa sababu ya kusikiliza yale matusi.

Jua likifika katikati alisema neno moja tu: "Panda." Napanda. Beseni liko tayari, na sabuni. Nanawa mpaka kiwiko, nanawa uso, nanawa shingo. Tunakula bukari, ugali wetu wa hapa, wawili, miguu juani. Baada ya hapo hakuna kushuka tena mpaka kesho. Watu wenye visima walilalamika, wakiniita baba kwa adabu: "Tata, maji iko karibu, malizia leo." Niliwajibu kwamba maji yamekaa chini tangu Mungu aumbe dunia, yatalala usiku mmoja zaidi. Nilijivuna kwa jibu hilo. Nililirudia mara nyingi sana, mpaka nikaamini kwamba mimi ni mtu wa namna nyingine, ambaye hawezi kuanguka.

Halafu ardhi ya hapa ikawatia watu wazimu. Mlisikia habari hiyo hata ninyi wa mbali. Mtu anajenga nyumba, anaoa ndani yake, anazaa ndani yake, halafu siku moja jirani anasema chini ya sakafu kuna mawe meusi ya kobalti, na mtu yuleyule anavunja sakafu yake kwa nyundo. Mashimo ndani ya vyumba, maturubai juu ya mashimo, magunia mpaka kitandani. Na yale mashimo yaliposhuka, yalipita chini ya visima vyangu. Kisima kilichokuwa na maji ya kufika kiunoni kikabaki na tope. Akina mama wakarudi kuchota mtoni, kwenye maji ambayo watu wanaoshea mawe. Nilikwenda kuwatukana wachimbaji, wakanicheka. Hakuna tena aliyeniita kuchimba kisima.

Aliyekuja kuniita alikuwa mtu mmoja wa Kapata, dereva wa zamani, na kiatu kinang'aa. Alitukuta tunakula.

"Tata," akasema, "bale bachimbaji bote ni bapanya. Banachimba kombokombo, kesho shimo inaanguka. Mi nataka mutu anajua kunyosha. Ni weye tu."

"Shimo ya nini?"

"Ya chakula," akacheka.

"Wapi?"

"Mu saloni yangu."

Saloni ni sebule, chumba cha wageni. Mke wangu aliacha kula. "Na bibi yako iko wapi?"

"Iko tu, mama."

"Iko tu wapi, kama mu saloni iko shimo? Bageni bakikuya, anabakalisha wapi, mu ndoo?"

Nilicheka kwa sauti. Lakini nilikwisha kukubali moyoni, na nasema ukweli wangu hapa: si njaa iliyonipeleka. Ni lile neno lake, ni weye tu. Liliingia kama kikombe cha munkoyo wa baridi siku ya jua. Miezi mingi hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba mikono yangu inajua kitu. Mtu mwenye kiburi hakuna haja ya kumpiga. Msifu tu.

Siku ya kwanza mke wangu alikuja na kiti chake na kamba, kama siku zote. Walimzuia mlangoni.

"Mama, mwanamuke hapana. Madini inakimbia."

"Inakimbia? Iko na miguu?"

"Ni sheria ya shimo, mama. Mwanamuke asikaribie. Ata mwenye nyumba, bibi yake anapitia kule nyuma."

Na kweli. Mke wa yule dereva, mwanamke aliyepaka chokaa zile kuta kwa mkono wake, alikuwa anazunguka kwa kiwanja cha jirani ili afike jikoni mwake. Mke wangu alinitazama. Alikuwa ananingoja niseme neno. Nilitazama shimo lilipochorwa kwenye saruji, duara zuri, nilikuwa nimelichora mwenyewe asubuhi hiyo.

"Rudi tu nyumbani," nikamwambia. "Ni desturi yabo."

Alikunja kamba yake, akaiweka kwenye kiti, akakiweka kiti kichwani, akaenda. Hakutukana mtu. Hapo ningepaswa kuogopa.

Wakanipa kamba nyingine. Yule aliyeishika alikuwa anaangalia simu, na siku ya pili alichoka kuishika, akaifunga kwenye mguu wa kiti cha wageni, kiti kikubwa cha sponji chenye maua. Mimi niko chini, roho yangu imefungwa kwenye kiti. Nilimuuliza nikipanda. Akasema, "Tata, kiti kizito, hakiendi popote."

Na kulikuwa na sheria nyingine. Toka siku shimo linapoanza mpaka siku mshipa wa mawe unapoonekana, hakuna kunawa. Maji yasiguse ngozi. Wanasema anayenawa anamwaga bahati ya wote. Nilijua wachimbaji wanaamini hivyo, nilikuwa nawadharau kwa hilo. Sasa nikawa mmoja wao. Siku ya kwanza nilisema nitanawa kwa siri nyumbani. Lakini mwenye shimo, ndiye yule dereva, alikuwa anatunusa mikono kila asubuhi, mmoja mmoja, kama mama anayenusa maziwa, na aliyenukia sabuni alifukuzwa. Kwa hiyo sikunawa.

Nilirudi nyumbani jioni nikiwa mweusi mpaka ndani ya masikio. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nawa."

"Siwezi. Sheria."

"Sheria ya hii nyumba ulileta weye. Mi niliikuta."

Akaniwekea sahani nje, kwenye jiwe. Nilikula pale, kuku wakinizunguka. Siku ya pili vilevile. Siku ya tano nilichoka kula na kuku, nikaanza kulala kulekule, juu ya magunia, pamoja na wanaume tisa.

Masharti yangu yalikwenda moja moja. La saa sita lilikwenda kwa sababu zamu ilikuwa inaisha alasiri. La njaa, kwa sababu chakula kilichelewa. La Jumapili, kwa sababu tulikuwa karibu na mshipa. Tulikuwa karibu nao kila Jumapili. Kila sharti nililivunja kwa sababu nzuri. Sijakutana bado na mtu aliyevunja sharti lake kwa sababu mbaya.

Niwaambie kulivyokuwa mle ndani, msije mkadhani ni hadithi ya mashujaa. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi ya wenye nyumba, kioo chake kimefunikwa na vumbi mpaka bibi harusi hana uso. Mapazia yaliteremshwa ili watu wa barabarani wasione. Chini ya mapazia, makopo. Shimo lilikuwa refu na kupanda ni kazi, na aliyepanda hakuwa na nguvu ya kufika chooni, kwa hiyo watu walijisaidia kwenye makopo na kuyapanga pale, mengine na vifuniko, mengine bila. Nzi walikuwa wanatembea juu ya midomo ya waliolala. Mate yetu yalikuwa meusi. Mtu mmoja alikuwa na kidonda cha mguu, alikifunga na kipande cha gunia la mawe, na jioni alikuwa anakikuna akiongea habari za mpira. Harufu yetu sitaieleza. Ilikuwa imekwisha kuwa hewa.

Na tulijivuna! Hilo ndilo linanichukiza mpaka leo. Asubuhi ni mashindano: nani hakulala, nani alichimba na homa. "Mi, siku tatu sijafunga macho." "Ee, weye ni mutoto, mi siku ine." Na mimi, mzee mwenye mvi, niliingia kwenye mashindano. Nilisema mimi nina umri wa baba zenu na sijapanda tangu jana. Wakapiga makofi. "Tata ni chuma!" Nikacheka na meno meusi.

Juma la pili mke wangu alikuja. Alisimama barabarani, mbali, kwa sababu ya ile sheria, akamtuma mtu aniite. Alikuwa amevaa kitenge cha safari, na mfuko miguuni. Nilitoka. Alirudi hatua mbili.

"Naenda kwa dada yangu, Dilolo."

"Utarudi lini?"

"Siku utakuwa mutu."

"Na sasa mi ni nani?"

Alifikiri kidogo. "Harufu," akasema.

Dirishani wenzangu walikuwa wanasikiliza. Niliona haya, na haya yangu ikageuka hasira, kama ilivyo kwa wanaume. Nikapiga kelele: "Hii kazi yenye unatukana, mikono yangu njo ilikulisha miaka yote!"

"Ilinilisha wakati ilikuwa inanawa," akasema.

Wanaume dirishani wakaangua kicheko. Akabeba mfuko, akaenda kutafuta lori. Ningeweza kumfuata, hatua ishirini, thelathini. Nilirudi ndani nikashuka shimoni, na siku hiyo nilichimba kuliko wote.

Chakula chetu kilikuwa kinapikwa na mke wa mwenye nyumba. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuingia saloni yake, alikipitisha dirishani, bakuli moja kubwa la bukari na samaki wadogo ndani ya supu. Tulikula wote kwenye bakuli moja. Juma la tatu, siku moja mchana, tumezunguka bakuli. Yule wa kidonda alikuwa ametoka kujikuna. Mwingine alikuwa ametoka kwenye makopo, anafunga suruali. Wote wawili wakatia mikono. Nilimwona. Nilimwona kabisa yule wa makopo akitia vidole kwenye supu. Nami nikamega palepale alipomega yeye, nikachovya, nikameza.

Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na mkono unakataa kuliandika. Sikusikia kinyaa. Nilitafuta kinyaa ndani yangu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, hakikuwapo. Nikamega tena.

Nikainua macho. Yule mama alikuwa bado dirishani, anatutazama mikono. Uso wake niliujua. Ndio uso ninaowatazamia walevi walioanguka kwenye mtaro. Alipoona namtazama aliona haya yeye, badala yangu, akatafuta neno la adabu. Akasema kwa upole:

"Tata, mama kule kwenu, iko muzima?"

Sikujua. Sikujua kama alifika Dilolo. Sikujua kama lori lilianguka njiani. Tangu siku ile sikuwa nimemuuliza dereva hata mmoja, na malori ya Dilolo yanapita mbele ya nyumba ile.

Niliweka tonge chini. Nilitoka nje kwa mlango wa mbele. Uani kulikuwa na bidoni ya yule mama, maji ya lita ishirini aliyoyabeba kutoka mbali. Niliikamata, nikajimwagia kichwani. Niliona mikono yangu inageuka, maji meusi yanatoka, halafu ya kijani, halafu yanaanza kuwa maji.

Kelele zikaanza. "Tata ananawa! Tata anatuua!" Walitoka wote. Mwenye shimo alinishika shati.

"Umemwanga bahati ya batu kumi! Majuma tatu, tata! Majuma tatu!"

"Bahati yenu inanuka," nikamwambia.

Alinisukuma, nikaanguka kwenye tope la maji niliyonawa. Mwingine akanitupia viatu. Wakaniambia sehemu yangu niisahau, nisionekane tena mtaani. Nilikwenda nikiwa nimelowa, na mtaa mzima ulitoka kutazama mzee anayefukuzwa kwa sababu ameoga.

Mawe waliyapata, siku tatu baadaye. Nayasema hayo ili asije mtu akadhani Mungu aliwalipiza kwa ajili yangu. Waliyapata mengi.

Nilifika Dilolo juu ya lori la chumvi, kiuno kimevunjika. Nilikuwa nimenunua kuku wawili na kitenge, kwa sababu mwanaume anayefuata mke kwa ndugu zake haendi mikono mitupu. Shemeji yangu, bwana wa dada yake, alinipokea vizuri, akanipa kiti. Dada mtu alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniita shemeji kwa lugha ya huko.

"Mulamu, umenawa?"

"Nimenawa."

"Onyesha."

Nilionyesha mikono, juu na chini, kama mtoto wa shule. Watoto wakacheka. Nilivumilia. Mke wangu alikuwa ndani, hakutoka. Nilisema makosa yangu kwa sauti, mbele ya shemeji, ili ayasikie mwenyewe: kamba, mlango, masharti, barabara. Shemeji akasema maneno ya kiume, kwamba kazi ni kazi. Kutoka ndani ikasikika sauti: "Shemeji, nyamaza. Usimsaidie kusema uongo."

Halafu akatoka. Hakuketi karibu.

"Dada yangu anachota mbali," akasema. "Chimba kisima apa. Mi nitashika kamba. Kisha tutaona."

"Tutaona nini?"

"Nikijua mbele, ningekuambia uchimbe ya nini?"

Nilichimba siku tisa. Udongo wa kule ni mchanga juu, halafu udongo mwekundu mgumu, mzuri, unasimama wenyewe. Aliketi juu, kamba kwenye goti, anavuta mara mbili, najibu mara mbili. Hakuna matusi. Miaka yote ile niliyalalamikia matusi yake, na sasa kimya kilikuwa kinanipiga kichwani kuliko mawe. Jua likifika katikati: "Panda." Napanda. Tunakula. Anaongea na dada yake.

Siku ya nane udongo ulianza kutoa jasho. Nilipiga sululu nikasikia sauti imebadilika, ile sauti nzito ambayo mchimba visima anaijua hata usingizini. Maji yako pale, urefu wa mkono, labda pungufu.

"Panda," akasema.

"Kidogo tu! Maji iko apa!"

Nikapiga sululu. Halafu kitu kikanigusa bega, chepesi kama nyoka mdogo. Ilikuwa ile kamba. Alikuwa ameiachia. Ilianguka yote, ikajikunja kwenye mguu wangu, na nilipotazama juu, mdomo wa kisima ulikuwa mbingu tupu.

Nilijua maana yake. Na nikapiga mara mbili zaidi. Nilikuwa nimesafiri lori lote lile, nimeonyesha viganja mbele ya watoto, na mkono wangu bado ulipiga mara mbili zaidi, mbwa kwenye mfupa. Halafu nikaona ninachofanya, nikaitupa sululu, nikapanda kwa vishimo vya ukutani, bila mtu juu, mzee wa umri wangu.

Alikuwa jikoni, anakula. Sahani moja.

"Na yangu?"

"Nilizani uko na kazi."

Nilichukua sabuni mwenyewe, nikanawa mpaka kiwiko, uso, shingo. Nikaketi chini, mbali kidogo, nikangoja. Alikula polepole, hakuacha hata ukoko. Akalamba vidole. Akaosha sahani ileile, akapakua, akaiweka mbele yangu. Imepoa.

"Sikukuita mara ya pili," akasema. "Na sitakuita. Mi si kengele."

"Nimesikia."

"Unasikia sana. Kula."

Alasiri yote niliketi mbali na kile kisima na nikawa nasikia maji yananiita kama mlevi anavyosikia chupa. Nilijichukia kwa jinsi nilivyoyasikia. Sikushuka. Shemeji alikuja kuniuliza kwa nini tusimalize, akina mama wanangoja, nikamwambia amuulize mke wangu. Akamtazama, akaona afadhali aende kufunga mbuzi.

Asubuhi yake tulikula kwanza. Alifunga kamba mwenyewe kwenye mkono wangu, fundo gumu kupita lazima. Kabla jua halijapanda sana maji yalipasuka kwenye kona, yakanifika kwenye kisigino, yakafika kwenye ugoko, nikatolewa. Wanawake wa jirani walipiga vigelegele. Tuliyaacha yatulie mpaka tope likashuka. Mke wangu alichota kikombe, akakitazama juani, akamwaga. Akachota cha pili, akanusa, akanipa.

"Kunywa," akasema. "Halafu uende uulize madereva nafasi ya batu babili. Lori ya Kolwezi inatoka keshokutwa, na mi sitaki kukaa juu ya chumvi."